Masharti ya Kifungo cha Nje Yanapokiukwa: Haki ya Kupata Msaada wa Kisheria



Katika parokia zetu wapo ndugu waliotiwa hatiani mahakamani lakini hawakupelekwa gerezani. Wanaishi majumbani mwao, wanalima, wanafanya biashara ndogo ndogo na kusali pamoja nasi katika Jumuiya, huku wakitimiza masharti waliyowekewa na mahakama. Wengi humaliza muda wao salama. Wengine huteleza njiani: mmoja hakufika kuripoti siku aliyopangiwa, mwingine amehamia mkoa mwingine kutafuta kibarua bila kutoa taarifa, mwingine amerudia pombe aliyokatazwa. Hapo hofu huingia. Mtu huzima simu, huhama nyumba, huacha kuja kanisani. Mara nyingi hofu hiyo humletea madhara makubwa kuliko lile kosa alilolitenda.

Katika makala hii tunakusudia kueleza, kwa kuzingatia sheria za Tanzania, nini hutokea masharti hayo yanapokiukwa, mahali ambapo asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada wa kisheria, na wajibu wetu kama Kanisa kwa ndugu aliye katika hali hiyo. Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili. Yanakusudia kumsaidia muumini afike kwa wakili mapema, akijua la kuuliza.

Kifungo cha nje ni nini?

Watu wengi hutumia maneno “kifungo cha nje” kwa adhabu zote ambazo mtu hutumikia akiwa uraiani. Kisheria, hata hivyo, kuna njia kadhaa zinazotofautiana, na jambo la kwanza ambalo wakili atauliza ni hili: mahakama ilitoa amri ya aina gani?

Ya kwanza ni amri ya uangalizi, ambayo wengi huiita probesheni. Mahakama, baada ya kuona kwamba kosa limethibitika, hutazama umri wa mhusika, mwenendo wake, mazingira ya nyumbani kwake, afya yake na uzito wa kosa. Ikiridhika kwamba inafaa kumwacha uraiani, humweka chini ya uangalizi wa afisa probesheni kwa muda usiozidi miaka 3. Hakimu humweleza masharti kwa lugha ya kawaida na kumwuliza kama yu tayari kuyafuata. Masharti hayo yanaweza kuhusu mahali pa kuishi, siku za kuripoti, kuacha ulevi, na kutotenda kosa lingine.

Ya pili ni huduma kwa jamii, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2002. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambalo mahakama inaona linastahili kifungo kisichozidi miaka 3, anaweza kuamriwa kufanya kazi bila malipo kwa faida ya umma, kwa mfano katika shule, zahanati au ofisi ya kijiji.

Ya tatu ni kuachiliwa kwa masharti chini ya Kanuni ya Adhabu. Hapa mtu huachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa lolote katika muda uliotajwa, usiozidi miezi 12. Kwa kawaida hakuna afisa wa kumfuatilia kila wiki, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu husahau kabisa kwamba bado wamo chini ya sharti la mahakama.

Njia hizi zisichanganywe na parole, ambayo humhusu mfungwa aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo chake gerezani, wala na msamaha wa Rais. Kila moja ina sheria yake na utaratibu wake. Kwa hiyo nakala ya amri ya mahakama ni karatasi ya kutunzwa pamoja na cheti cha ubatizo na cheti cha ndoa. Asiye nayo aiombe katika mahakama iliyomhukumu, akitaja namba ya kesi.

Ukiukaji hauhukumiwi bila kusikilizwa

Inapoonekana kwamba aliye chini ya uangalizi hakutimiza sharti fulani, afisa probesheni huweza kupeleka taarifa mahakamani. Mahakama huweza kutoa hati ya wito, ambayo wengi huiita samansi, au hati ya kumkamata. Kisha mhusika hufikishwa mbele ya hakimu, naye hakimu hupaswa kuridhika kwamba kweli sharti limevunjwa. Taarifa ya afisa peke yake bado si hukumu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13, inamhakikishia kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama, pamoja na haki ya kukata rufaa.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata ukiukaji ukithibitika, gereza si jibu pekee. Mahakama inaweza kumtoza faini na kuiacha amri ya uangalizi iendelee. Inaweza pia kumpa adhabu ambayo ingempa mwanzoni, kana kwamba ndiyo kwanza ametiwa hatiani kwa kosa lile la kwanza. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa mno kwa mhusika na kwa familia yake. Ni hapo hasa maneno ya mtu anayeifahamu sheria yanapohitajika, kwa sababu hakimu huamua kwa yale yaliyowekwa mbele yake. Mtu akinyamaza, hakimu hatajua kwamba siku ile ambayo hakuripoti alikuwa amemlaza mtoto hospitalini.

Zipo pia aina mbili za ukiukaji ambazo ni vema kuzitenganisha. Kuna ukiukaji wa sharti, kama vile kutoripoti au kuhama bila taarifa. Na kuna ukiukaji unaotokana na kosa jipya. Katika aina hii ya pili mhusika anakabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: shtaka jipya, ambalo bado anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka lithibitishwe, na ile amri ya zamani. Anayekiri shtaka jipya haraka, kwa matumaini kwamba “yaishe,” anaweza kujikuta amefungua mlango wa kuadhibiwa pia kwa lile la kwanza. Huyu asizungumze lolote kuhusu shtaka jipya kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria.

Hebu tuchukue mfano wa kijana aliyewekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18. Katika mwezi wa saba kibarua kinakwisha, anafuata msimu wa mavuno katika wilaya nyingine, na anakosa kuripoti mara tatu. Akirudi anasikia kwamba karani wa mahakama amemwulizia. Kijana huyu akikimbilia mkoa wa mbali, siku atakapokamatwa ataonekana kuwa mtu aliyetoroka, na itakuwa vigumu kumshawishi hakimu kwamba bado anaaminika uraiani. Bali akienda mwenyewe kwa afisa probesheni, akapata msaada wa kisheria, akaleta uthibitisho wa kazi aliyoifanya na wa fidia aliyoendelea kumlipa aliyemkosea, shauri lake linakuwa jingine kabisa. Mara tatu za kutoripoti ni zilezile. Kilichobadilika ni yale aliyoyatenda baadaye.

Kumtafuta wakili si kukosa toba

Katika huduma yetu ya kichungaji tunakutana mara kwa mara na wazo kwamba Mkristo aliyekosa anapaswa kukaa kimya na kupokea lolote litakalomjia, na kwamba kutafuta wakili ni kukana kosa au kukosa unyenyekevu. Wazo hili linaonekana kuwa la kitauwa, lakini halina msingi katika Maandiko wala katika mapokeo ya Kanisa.

Mtume Paulo, aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Kristo, hakuona aibu kutumia haki aliyopewa na sheria. Matendo ya Mitume, sura ya 22, inasimulia jinsi alivyomwuliza akida kama ni halali kumpiga mijeledi raia wa Roma ambaye hajahukumiwa. Katika sura ya 25 anakata rufaa kwa Kaisari. Paulo huyohuyo, katika Waraka kwa Filemoni, anamtetea Onesimo aliyemkosea bwana wake. Hasemi kwamba Onesimo hakukosa. Anamwomba Filemoni ampokee, na anaahidi kwamba kama kuna deni lolote, yeye Paulo atalilipa. Tunaona hapo kazi njema ya mtetezi: kosa halifichwi, na aliyekosa haachwi peke yake.

Sheria ya Kanisa nayo inafuata njia hiyo. Kanuni ya 1481 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa inaagiza kwamba katika kesi ya adhabu mshtakiwa lazima awe na wakili daima, ama aliyemchagua mwenyewe ama aliyepewa na hakimu. Kanuni ya 1344 inamruhusu hakimu wa Kanisa kusitisha aina fulani ya adhabu kwa mtu aliyekosa kwa mara ya kwanza baada ya kuishi maisha mema, ikiwa hakuna haja ya haraka ya kurekebisha makwazo. Lakini mtu huyo akikosa tena ndani ya muda aliowekewa, atawajibika kwa makosa yote mawili. Msomaji ataona mara moja jinsi kanuni hiyo inavyofanana na amri ya uangalizi. Kanisa linajua maana ya kumpa mtu nafasi ya pili yenye masharti, na linajua kwamba hata mwenye hatia anahitaji mtu wa kusimama upande wake.

Toba ya kweli ina sehemu tatu tunazozifahamu tangu mafundisho ya Kipaimara: majuto, ungamo na malipizi. Wakili haondoi hata moja kati ya hizo. Anachofanya ni kuhakikisha kwamba malipizi yanayodaiwa na dola ni yale ambayo sheria inayadai, si zaidi. Kwa upande mwingine, hatuwezi kumtumia wakili ili kusema uongo. Kutunga cheti cha hospitali au kumleta shahidi wa uongo ni dhambi dhidi ya amri ya nane, na pia ni kosa jipya la jinai litakaloharibu hata ile nafasi iliyobaki.

Msaada wa kisheria unapatikana wapi?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa kuwasaidia bila malipo watu wasio na uwezo. Kwa sheria hiyo, muumini anaweza kufuata njia zifuatazo.

Kwanza, mahakama yenyewe. Katika shauri la jinai, jaji au hakimu akiona kwamba haki inadai mtu apate msaada wa kisheria na kwamba hana uwezo wa kuugharimia, anaweza kuelekeza apatiwe. Wengi hawaupati kwa sababu hawajawahi kuuomba. Mtu asimame na kusema kwa heshima: “Mheshimiwa, sina uwezo wa kumlipa wakili. Naomba mahakama inisaidie nipate msaada wa kisheria, na naomba shauri liahirishwe ili nijiandae.” Maneno hayo huandikwa katika kumbukumbu za shauri, na yana uzito hata baadaye katika rufaa.

Pili, ofisi ya msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria katika halmashauri. Kazi hiyo hufanywa na maafisa wa Serikali walioteuliwa, mara nyingi kutoka idara ya maendeleo ya jamii. Huko mtu anaweza kuulizia ni mashirika gani yaliyosajiliwa yanatoa huduma katika wilaya yake.

Tatu, wasaidizi wa kisheria walioko katika kata na vijiji vyetu. Hawa wamepata mafunzo na wametambuliwa na sheria. Wanaweza kumweleza mtu haki zake, kumwelekeza panapohusika na kumuunganisha na wakili. Sheria haiwaruhusu kumwakilisha mtu mahakamani, wala kumtoza malipo. Anayejiita msaidizi wa kisheria na kudai fedha ili “aongee na hakimu” si wa kuaminiwa.

Nne, mashirika na vyama vya wanasheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania hutoa msaada kwa wasiojiweza. Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho kinaweza kumwelekeza mtu kwa mawakili wanaojitolea. Tangu mwaka 2023 kumekuwa pia na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo imepeleka wataalamu wa sheria hadi ngazi ya kata na kijiji.

Tano, kwa aliyekwisha kukamatwa, sheria hiyo ya 2017 inawataka wakuu wa vituo vya polisi na magereza kuweka utaratibu wa kuwawezesha walio mahabusu kupata msaada wa kisheria. Ndugu wa mhusika waulize utaratibu huo kwa adabu, wala wasiogope.

Tunapaswa pia kutoa tahadhari kuhusu vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili na kuzungukazunguka karibu na mahakama. Uhalali wa wakili unaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Faini halali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na mlipaji hupata risiti. Haipelekwi mkononi kwa mtu. Anayeombwa rushwa anaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113. Familia nyingi zimeuza mbuzi na mahindi kumpa kishoka, kisha ndugu yao akasimama mbele ya hakimu bila mtetezi na bila fedha.

Hatua za kuchukua

Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa yeyote ambaye amekiuka sharti, au anayehofia kwamba amelikiuka.

Asijifiche. Amtafute mwanasheria au msaidizi wa kisheria mara moja, na kwa ushauri wake aende kwa afisa probesheni kabla hati ya kukamatwa haijatolewa. Sheria inamtazama afisa huyu kama mshauri na msaidizi wa aliye chini ya uangalizi, si kama askari wa kumwinda. Hata hivyo, mtu akumbuke kwamba anayomweleza afisa yanaweza kuingia katika taarifa ya mahakama. Kwa hiyo aseme kweli. Na ikiwa kuna shtaka jipya, alizungumzie tu baada ya kupata ushauri.

Akusanye karatasi zake: nakala ya amri, hati ya wito, kumbukumbu za siku alizoripoti, karatasi za hospitali, tiketi za safari, stakabadhi za fidia aliyolipa, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayoeleza makazi na mwenendo wake. Aandike pia katika daftari mfululizo wa matukio kwa tarehe. Wakili wa msaada wa kisheria ana wateja wengi na muda mfupi. Daftari hilo litamwokolea saa nzima.

Aombe masharti yabadilishwe ikiwa hayawezekani tena. Hili ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Mtu akipata kazi mbali, akiugua, au nauli ya kwenda kuripoti ikimshinda, si lazima asubiri mpaka avunje sharti. Kupitia afisa probesheni au wakili anaweza kuiomba mahakama irekebishe amri. Anayeomba kabla ya kukosea husikilizwa kwa urahisi kuliko anayeeleza baada ya kukosea.

Afike mahakamani siku aliyoitwa, saa iliyotajwa, hata kama bado hajapata wakili. Kutofika ni ukiukaji mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mbele ya hakimu

Aliyeitwa kwa ukiukaji ana haki ya kuelezwa wazi ni sharti gani anadaiwa kulivunja, na lini. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Neno la kisheria likimpita, aombe aelezwe tena. Anaweza kukubali au kukana, kumwuliza maswali shahidi wa upande wa pili, na kuleta mashahidi wake.

Akikubali, kazi ya wakili bado haijakwisha. Ataeleza sababu za ukiukaji, muda ambao mteja wake aliyafuata masharti vizuri, watu wanaomtegemea, na mpango uliopo wa kumsaidia asirudie. Katika shauri la namna hii mpango huo una nguvu kubwa. Hakimu anapoambiwa kwamba mtu atajirekebisha, hujiuliza: vipi, na kwa msaada wa nani? Jibu la kweli, lenye majina ya watu waliopo mahakamani siku hiyo, lina uzito kuliko ahadi tupu.

Ikiwa mhusika ni mtoto aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kwa namna ya pekee. Shauri lake lina mahakama yake, ana haki ya kuwa na ndugu na kuwakilishwa na wakili, na afisa ustawi wa jamii anahusika. Wazazi wasiseme “acha afunzwe na ulimwengu.” Wafike pamoja naye.

Uamuzi usipomridhisha, rufaa ina muda wake. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Aliye gerezani huweza kupitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza. Siku hizo hupita haraka kwa familia iliyo katika majonzi. Kwa hiyo ni vema mtu mmoja katika familia apewe jukumu la kufuatilia nakala.

Wajibu wa jumuiya

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 25, amejitambulisha na aliye kifungoni. Tumezoea kuitimiza Injili hiyo kwa kwenda gerezani wakati wa Noeli na Pasaka tukiwa na sabuni na sukari, na hilo ni jema. Lakini aliye katika kifungo cha nje hana lango la gereza la kutuelekeza aliko. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na pengine sisi ndio tunaomnyoshea kidole.

Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kufanya mambo ambayo ofisi ya Serikali haiwezi. Inaweza kuchangia nauli ya siku ya kuripoti. Inaweza kumpa mzee mmoja jukumu la kumkumbusha tarehe. Inaweza kumtafutia kibarua cha karibu ili asilazimike kuhama. Kama tatizo ni pombe, wanajumuiya wanaweza kujizuia kumkaribisha mahali pa ulevi na badala yake kumsindikiza apate msaada. Siku ya shauri, wawili au watatu wanaweza kwenda kuketi mahakamani, bila kelele na bila kumshinikiza hakimu, ili ionekane kwamba mtu huyu ana watu wake. Idara ya Haki na Amani ya parokia nayo inaweza kutunza orodha ya wasaidizi wa kisheria wa kata na kuibandika katika ubao wa matangazo, ili mtu asilazimike kuulizia akiwa tayari na hati mkononi.

Sisi mapadre mara nyingi huombwa barua. Tunaweza kuandika yale tunayoyajua kwa hakika: kwamba mtu huyu anaishi parokiani, kwamba anashiriki kazi fulani, kwamba Jumuiya imekubali kumsaidia kwa njia hii na hii. Hatuwezi kuandika tusiyoyajua, wala kumwombea huruma kwa kuficha ukweli. Na lolote lililosemwa katika kitubio halitaingia katika barua yoyote wala kutamkwa mbele ya yeyote. Siri ya maungamo haina mlango wa nyuma.

Tusimsahau pia aliyetendewa kosa. Mara nyingi naye ni mwanaparokia, na anapomwona mkosaji akitetewa anaweza kujisikia ameachwa. Kumtembelea, kumsikiliza na kuhakikisha kwamba fidia aliyoahidiwa inalipwa ni sehemu ya kazi ileile. Haki ya mmoja haijengwi kwa kukanyaga haki ya mwingine.

Tarehe 26 Desemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia mjini Roma, mwanzoni mwa Jubilei ya Matumaini. Ishara hiyo ilituhusu na sisi. Matumaini anayohubiriwa mfungwa nyuma ya ukuta ni yaleyale anayohitaji kijana aliyekosa kuripoti mara tatu, naye leo anajificha kwa shangazi yake. Kwake matumaini hayo yana hatua zilizo wazi: atoke, amwone msaidizi wa kisheria wa kata, aende kwa afisa probesheni, afike mbele ya hakimu akiwa na karatasi zake na watu wake. Tukimjua kijana wa namna hiyo, tumfuate wiki hii, kabla ya tarehe ya shauri lake.

Bikira Maria, Kimbilio la Wakosefu, atuombee.